Mwaka wa Jogoo: Beijing na Bweranyange, 1861

Tarehe 8 Novemba 1861, katika soko la Caishikou jijini Beijing, mkuu mmoja wa serikali aitwaye Sushun alikatwa kichwa mbele ya umati. Wiki moja nyuma alikuwa miongoni mwa wakubwa wanane walioachiwa dola zima la China wamtunzie mfalme mtoto. Siku kumi na saba baadaye, tarehe 25 Novemba, Waingereza wawili waliochoshwa na njia, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walipokewa na Omukama, yaani mfalme, Rumanyika kule Bweranyange, Karagwe. Nchi hiyo ya vilima, ambayo leo imegawanywa kati ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, wakati huo ilikuwa dola moja. Mtu wa Nyakakika, wa Kaisho na wa Murongo wote walimtazama mtawala yule yule.

Beijing haikujua kuna Bweranyange, wala Bweranyange haikujua kuna Beijing. Lakini nyua hizi mbili zilikuwa zimepitia shida ya aina moja: mfalme amekufa, wanawe wa mama tofauti wanatazamana kwa jicho baya, na vumbi likishatulia inabidi watu waelezwe kwa nini aliyeshinda ndiye aliyestahili. Wachina walikuwa na hesabu ya matawi kumi na mawili. Wanyambo, watu wa Karagwe, walikuwa na ngoma, mwezi na ukoo. Nazisimulia pamoja kwa sababu kila moja huonyesha mahali nyingine inapopwaya.

Nianze na hesabu ya Wachina, maana ndiyo ngeni kwetu. Wao hutaja mwaka kwa majina mawili yaliyounganishwa, moja kutoka mashina kumi ya mbingu, jingine kutoka matawi kumi na mawili ya ardhi. Mashina na matawi yakizunguka pamoja, jozi ile ile hairudi mpaka ipite miaka 60. Ni hesabu kongwe mno. Katika mifupa ya kutabiria ya enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, inaonekana tayari ikihesabu siku. Wanyama walikuja baadaye. Mwaka 1975 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua kaburi la ofisa mdogo wa serikali huko Shuihudi, mkoani Hubei, lililofungwa mwaka 217 KK, wakakuta vipande vya mianzi vilivyoandikwa siku za heri na siku za nuhusi, na humo matawi yamekwisha kupewa wanyama, ingawa baadhi si hawa wa leo.

Hawa wa leo ni panya, fahali, chui-milia, sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi, tumbili, jogoo, mbwa na nguruwe. Kila mmoja hushika mwaka wake, mwezi wake, siku yake na hata saa. Saa ya Kichina ya kale ni sawa na saa mbili za kwetu: ya panya huanza saa tano usiku, na ya jogoo huanza saa kumi na moja jioni, kuku wanapopanda kulala. Mtoto akizaliwa, mwaka, mwezi, siku na saa yake huandikwa kila kimoja kwa shina na tawi. Hizo ndizo nguzo nne, herufi nane, na mtu hutembea nazo mpaka kaburini. Li Xuzhong, ofisa wa enzi ya Tang aliyefariki mwaka 813, ndiye anayetajwa kuipa elimu hii umbo. Jina la Xu Ziping, aliyekuja baada yake, limebaki katika njia inayotumiwa mpaka sasa, ya kuanza na shina la siku ya kuzaliwa.

Kinachowatisha watu ni namna matawi yanavyokutana. Yapange kumi na mawili katika duara. Yanayotazamana uso kwa uso hugongana: panya na farasi, fahali na mbuzi, chui-milia na tumbili, sungura na jogoo, joka na mbwa, nyoka na nguruwe. Panya ni maji ya katikati ya baridi, farasi ni moto wa katikati ya joto. Huo ndio ugomvi wao. Kisha kuna yanayodhuriana, na hapa akili ya wazee wa elimu hii ilikuwa na hila zaidi. Mbuzi ana rafiki yake, farasi. Panya hugongana na farasi. Kwa hiyo panya, bila kumgusa mbuzi, humdhuru kwa kumharibia rafiki. Kuna yanayoadhibiana, kama utatu wa chui-milia, nyoka na tumbili, au panya na sungura ambao adhabu yao huitwa ya utovu wa adabu. Na manne yanayojiadhibu yenyewe yakikutana na mwenzake wa jina: joka, farasi, jogoo na nguruwe. Mwisho yapo yanayovunjana, ambayo walimu wengi huyaona dhaifu kuliko yote, na ni humo panya hukutana na jogoo.

Mwaka 1861 ulikuwa xinyou. Shina lake ni chuma, tawi lake ni jogoo, naye jogoo pia ni wa chuma. Mwaka huo ulikuwa na jina baya tangu zamani. Huko Japani, mwaka 901, mwanachuoni Miyoshi Kiyoyuki aliishawishi ikulu kwamba mwaka wa xinyou ndio mbingu hubadili mamlaka, basi afadhali jina la zama libadilishwe mapema kabla mbingu haijafanya hivyo yenyewe. Desturi ikashika. Karibu miaka elfu moja baadaye, jogoo wa chuma aliporudi mwaka 1861, Wajapani walibadilisha tena jina la zama, wakaliita Bunkyū. Wachina wao hawakuhitaji kuonywa: mapinduzi yaliyommaliza Sushun huitwa hadi leo Mapinduzi ya Xinyou.

Sasa tazama watu wenyewe. Mfalme Xianfeng alizaliwa tarehe 17 Julai 1831, mwaka wa xinmao, sungura. Sungura hugongana na jogoo. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliukaribia mji mkuu, naye akakimbilia Chengde, nje ya Ukuta Mkuu. Nyuma yake Waingereza wakaichoma Yuanmingyuan, bustani ya majumba ambayo wafalme wa enzi ya Qing waliipenda kuliko Beijing yenyewe. Hakurudi. Alifia Chengde tarehe 22 Agosti 1861, umri miaka 30, katikati ya mwaka wa jogoo.

Ndugu yake wa baba, Yixin, anayejulikana zaidi kama Mwanamfalme Gong, alizaliwa tarehe 11 Januari 1833. Mwaka mpya wa Kichina ulikuwa haujaingia, kwa hiyo yeye bado ni wa joka. Sungura na joka hudhuriana. Ndugu hawa walikua pamoja. Mama yake Gong ndiye aliyemlea Xianfeng baada ya mama yake kufariki. Ikulu ya Qing haikuwa na sheria ya kumrithisha mkubwa. Mfalme aliandika jina la mrithi kwa siri na kulifungia ndani ya sanduku, likafunguliwa siku ya kifo. Wanasimulia kwamba baba yao alisitasita kati ya hao wawili, na kwamba siku moja ya majira ya kuchipua, wana wa mfalme walipotoka kuwinda, Gong alirudi na mawindo mengi kuliko wote, na Xianfeng alirudi mikono mitupu, akasema haifai kuua wanyama wakati wanaposhika mimba. Mwalimu wake ndiye aliyemfundisha jibu hilo. Sanduku lilipofunguliwa mwaka 1850 jina lilikuwa lake. Miaka mitano baadaye, mara tu mama yake Gong alipofariki, Xianfeng alimwondoa Gong katika Baraza Kuu. Mwaka 1860 alimwacha Beijing apatane na Wazungu, na alipokuwa anakata roho Gong hakuruhusiwa kwenda kumwona.

Sushun alizaliwa mwaka 1816, mwaka wa panya. Suria wa mfalme, mama wa mtoto wa pekee wa kiume aliyekuwa hai, ambaye dunia inamjua kama Cixi, alizaliwa tarehe 29 Novemba 1835, mwaka wa mbuzi. Panya humdhuru mbuzi, na panya huvunjika mbele ya jogoo. Mfalme alipokufa, Sushun na wenzake saba waliamini wataitawala nchi kwa jina la mtoto wa miaka mitano. Cixi, pamoja na mke mkubwa wa marehemu, walikula njama na Gong. Tarehe 2 Novemba wakubwa wale walikamatwa. Sushun, aliyekuwa anasindikiza jeneza la mfalme, alikamatwa njiani. Wanamfalme wawili kati yao walipewa hariri wajinyonge, heshima ambayo Sushun alinyimwa. Mtoto akaketi kitini kwa jina la zama Tongzhi. Alizaliwa mwaka 1856, joka kama amu yake. Na joka na jogoo ni marafiki wakubwa katika duara.

Ukisimuliwa hivi, hata asiyeamini hukaa vizuri kitini. Mambo karibu yote ya kutisha yamo, tena katika familia moja na mwaka mmoja: kugongana, kudhuriana, kuvunjana, na urafiki wa joka na jogoo kwa walioshinda. Nami sijatunga tarehe hata moja.

Karagwe mtoto hakuandikiwa mwaka. Alizaliwa na mnyama, lakini mnyama huyo alitoka kwa baba yake na kwa baba wa baba yake. Ndio omuziro, mwiko wa ukoo, kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali wala hawakidhuru. Wahinda, ukoo wa watawala wanaojihesabu kutoka kwa Ruhinda, mwiko wao ni tumbili, enkende. Beijing tumbili angekuwa ishara ya mtu aliyezaliwa mwaka fulani, mwenye ugomvi wa kudumu na chui-milia. Bweranyange tumbili alikuwa ishara ya damu. Ndoa nazo zilikwenda kinyume: mshenga wa Kichina alibeba herufi nane za binti hadi kwa wazee wa kijana aone kama wanyama wao hawagongani, Mnyambo aliuliza omuziro ili wanaofanana wasioane. Huko hofu ilikuwa ya walio mbali katika duara, huku hofu ni ya walio karibu mno.

Kwa kiti cha enzi, hata hivyo, ukaribu haukuzuia chochote. Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, ameeleza alivyosikia ikulu habari za kifo cha Ndagara, baba wa Rumanyika. Ndagara aliacha wana watatu waliostahili, kila mmoja na mama yake: Rumanyika, Nnanaji na mdogo wao ambaye Speke aliliandika jina lake Rogero. Sheria ilisema arithi mkubwa, lakini katika wale tu waliozaliwa baba akiwa tayari ameketi. Basi hapo kuzaliwa kulikuwa na wakati wake mzuri na wakati wake mbaya, bila nyota yoyote: aliyezaliwa kabla ya ngoma ya enzi kulia hakuwa na lake. Ila mzee Ndagara, pengine kwa mapenzi tu, aliwahi kumwambia mama wa Rogero kwamba kijana wake angefaa sana kuwa mfalme. Mama akalishika neno hilo, akamlea mwanawe kwa matumaini ya enzi. Neno moja la baba lilimgonganisha mdogo na kaka zake kuliko tawi lolote la Kichina.

Vita vikawa. Rumanyika na Nnanaji walimfukuza Rogero, lakini nusu ya nchi ilimfuata, kwa mapenzi au kwa woga, na Speke anasema watu walikubali kwamba angeshinda. Aliyebadili mambo ni Musa Mzuri, mfanyabiashara mwenye asili ya Uhindi aliyeweka makao Kaze, Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora. Musa alitoa pembe zake za ndovu kuwakodi watumwa wenye bunduki wa Waarabu waliokaa Kafuro, kituo cha biashara kilicho karibu na Bweranyange. Bunduki zilipolia Rogero aliondoka, akiapa kurudi siku Waarabu watakapohama.

Hiyo ni habari ya kwanza. Habari ya pili, ambayo Rumanyika aliisimulia mwenyewe kwa kujiamini kabisa, ni ya ngoma. Baada ya baba kufa, ngoma ndogo ya enzi, nyepesi lakini iliyosheheni dawa, iliwekwa mbele ya ndugu. Wengine walijaribu kuinyanyua, ikawa nzito mno wasiweze hata kuisogeza. Rumanyika aliinyanyua kwa kidole kidogo. Tena akawekwa juu ya kilima fulani, na ardhi ikapanda naye kuelekea mbinguni. Angekuwa si mwenyewe, ardhi ingeporomoka na kumvunjavunja, lakini ilimshusha salama. Na wa mfalme mmoja aliyetangulia, alisema, mabuu matatu yaliyotoka katika maiti yake yalichukuliwa ikulu: moja likawa simba, moja chui, moja fimbo.

Habari hizi mbili zimo katika kitabu kimoja, kurasa chache tu kati yake, na wala Speke hakuona haja ya kuzipatanisha. Nami naona si lazima kuchagua ipi ni ya kweli. Bunduki za Kafuro zilimfukuza Rogero. Hazikuweza kumwambia mkulima wa Nyakakika kwa nini amtii Rumanyika wakati watumwa waliokodiwa wamekwisha kulipwa na kwenda zao. Kazi hiyo ilifanywa na ngoma. Na ngoma ilikuwa na fadhila moja ambayo matawi hayana: ilitoa hukumu mara moja, mbele ya watu, kisha ikanyamaza. Haikudai kujua mapema nani atamchukia nani.

Mwezi nao ulikuwa na kazi yake. Kila mwezi mwandamo Rumanyika aliketi na taji lake la shanga na manyoya mekundu, ngoma zikapigwa nyingi kwa pamoja, na wakuu wa nchi wakaja mmoja mmoja kuonyesha utii. Speke alielewa haraka kwamba shabaha ilikuwa kuhesabu nani amekuja na nani hakuja. Anayetafuta unajimu wa Karagwe aanzie hapo. Mwezi ulitoa tarehe, lakini kilichosomwa ni nyuso za watu. Abafumu, wapiga ramli wa Kinyambo, walikuwapo na waliulizwa mengi, ila sijui ramli ipi ingemfaa Omukama kuliko hiyo ya kuona kiti cha mkuu fulani kitupu miezi miwili mfululizo.

Kati ya mikutano hiyo Rumanyika alimpa Speke maswali ambayo nayapenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya kitabu. Alitaka kujua kama jua la leo ndilo lile la jana, au kila siku huja jipya. Na kama mwezi hubadili sura ili kuwacheka binadamu. Speke aliyaona maswali ya mtu mwenye akili pevu, na hapo alikuwa na haki.

Kafuro palikuwa na hesabu ya tatu. Waswahili na Waarabu waliokaa pale walitoka katika ustaarabu wa falaki, na pwani mtu wa safari hakufunga mizigo bila kuuliza siku. Mnajimu wa pwani huchukua jina la mtu na jina la mama yake, huzipa herufi thamani zake za abjadi, hujumlisha, hugawa kwa kumi na mbili, na kinachobaki ndicho buruji: Hamali, Thauri, Jauza na wenzao hadi Hutu. Kila buruji lina tabia ya moto, udongo, upepo au maji, na posa ikija, wazee wasiotaka kukosea huangalia kama moto haukukutanishwa na maji. Nao ni kumi na mbili, nao hugombana. Hata hivyo kuna tofauti ambayo mtu wa Kafuro angeweza kuitumia na mtu wa Beijing hakuweza. Jina hubadilishwa. Mtoto anayeugua-ugua huitwa jina jingine na nyota yake huhama. Hata leo wapo wanaofanya hivyo. Mchina aliyezaliwa mwaka wa panya hufa panya. Dawa pekee ni kungoja mwaka mbaya upite, au kutafuta rafiki wa duara wa kumvuta adui pembeni, kwa sababu kanuni husema tawi lililoshikwa na rafiki husahau kugombana.

China yenyewe ilikuwa na wakaidi wake mapema. Wang Chong, aliyezaliwa mwaka 27 BK, mtu maskini aliyejisomea vitabu kwa kusimama mbele ya maduka, aliuliza swali ambalo sijaona likijibiwa vizuri. Mnasema maji hushinda moto, panya ni maji, farasi ni moto. Mbona basi panya hawafukuzi farasi? Aliendelea na wanyama wengine vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa uvumilivu wa mtu anayefurahia kazi yake. Na ni kwa sababu ya dhihaka hiyo kwamba kitabu chake ni moja ya nyaraka kuu zinazotuonyesha orodha ya wanyama ilivyokuwa zama zake.

Mimi naongeza hesabu yangu ndogo. Matawi kumi na mawili hutoa jozi 66 za walio tofauti. Ukijumlisha zinazogongana, zinazodhuriana, zinazoadhibiana na zinazovunjana, na ukaacha kuhesabu mara mbili zilizomo katika makundi mawili, unapata jozi 20. Hiyo ni karibu theluthi moja. Nguzo nne za mtu mmoja zina jozi sita ndani yake, na kila mwaka unaopita huleta nyingine nne. Atakayekosa hata kasoro moja ni mtu wa kutafutwa. Kwa hiyo msiba wowote ukitokea, mnajimu hatakosa tawi la kulaumu, na asipolipata katika mwaka atalipata katika mwezi.

Turudi kwa watu wetu wa Beijing, maana niliwaacha mahali ambapo wanajimu hupenda kuwaacha. Mke mkubwa wa Xianfeng, Ci'an, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1837. Huo ni mwaka wa jogoo. Aliolewa na sungura, yaani na aliyegongana naye kabisa, na historia inamtaja kama mke aliyeheshimiwa na mumewe hata mwisho. Mwaka 1861 ulikuwa jogoo juu ya jogoo, tawi linalojiadhibu. Kwa kanuni alipaswa kuanguka kuliko wote. Akashinda, akaketi nyuma ya pazia pamoja na Cixi na kuitawala China kwa miaka mingi. Mfalme Tongzhi, rafiki wa jogoo, alifariki Januari 1875 akiwa na miaka 18, katika mwaka wa mbwa, adui wa joka. Gong naye, joka, alifariki mwaka 1898, mbwa tena. Wanaume wote wanne, Xianfeng, Sushun, Tongzhi na Gong, waliingia katika mtego wa duara. Wanawake wawili walipita. Ci'an alikufa mwaka 1881, mwaka wa nyoka, ambaye kwa jogoo ni rafiki. Na Cixi mwaka 1908, mwaka wa tumbili, ambaye hana neno na mbuzi. Mwalimu wa nguzo nne atasema mwaka peke yake hautoshi, lazima siku na saa. Sawa. Lakini hakusema hivyo tulipokuwa kwa Xianfeng.

Hata wageni wa Rumanyika wanaweza kupimwa. Speke na Grant walizaliwa mwaka mmoja, 1827, Grant Aprili na Speke Mei: nguruwe wawili. Nguruwe hujiadhibu kwa nguruwe mwenzake. Kweli, Januari 1862 Speke alikwenda Buganda na kumwacha Grant Karagwe na mguu wenye kidonda kibaya, miezi kadhaa chini ya ulinzi wa Rumanyika. Na Grant hakumlaumu hata siku moja, akabaki mtetezi wake maisha yote. Richard Burton, mwenzake wa safari ya kwanza, alizaliwa Machi 1821, mwaka wa nyoka. Nyoka na nguruwe hugongana, na ugomvi wa Burton na Speke juu ya chanzo cha Nile ni mashuhuri kuliko ugomvi wowote wa wapelelezi wa Afrika. Walipangiwa kujadiliana mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mwaka huo ulikuwa wa panya, ambaye hana ugomvi na nguruwe wala nyoka. Grant, wa mwaka ule ule, aliishi hadi 1892.

Rumanyika hana nafasi katika duara hilo. Ndagara hakumwandikia siku wala saa, wala Bweranyange haikuona hasara. Mpelelezi Stanley alimkuta mwaka 1876, mzee mpole, akaonyeshwa nyumba ya hazina yenye ndege na ng'ombe wa madini ambao wafalme wa Karagwe waliwarithisha wana wao. Alipofariki, wanawe walirudia habari ya baba zao, lakini safari hii Musa Mzuri hakuwapo wa kukodi bunduki na kuyamaliza mambo kwa mkupuo mmoja. Mmoja wao, Kakoko, alishika nchi na kuwaua ndugu zake wengi. Mtihani wa ngoma ulihitaji washindani wa kuinyanyua na kushindwa, na Kakoko hakuacha wa kutosha.